Umehamia mji mgeni? Namna ya kupata usharika utakaokujua kwa jina

Miaka miwili nilisali katika usharika mmoja mkubwa wa mjini Dar es Salaam bila mtu kunijua. Nilitoka Marangu mwaka 2009 baada ya kupata kazi, nikapanga chumba na sebule Kimara. Kila Jumapili nilipanda daladala mbili kuifuata kwaya iliyonipendeza, nikakaa benchi la tatu kutoka mlangoni, nikatoa sadaka, nikaondoka kabla mnada wa sadaka za mazao na vitu haujaanza. Julai 2011 baba akafariki. Nilipanda basi Ubungo alfajiri, tukazika, nikakaa nyumbani na mama, nikarudi kazini baada ya wiki mbili. Jumapili iliyofuata yakasomwa matangazo ya waliofiwa, jina kwa jina, pamoja na jumuiya zao, na washarika wakaombwa wakawape pole. Langu halikuwemo. Lingekuwemo vipi? Hakuna aliyejua kwamba nimefiwa, kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba nipo.

Tangu mwaka 2017 mimi ni mzee wa kanisa hukuhuku Kimara, na kupokea wageni ni kazi ninayoipenda kuliko zote nilizopewa. Naandika kama Mlutheri wa KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, maana ndiko ninakokujua. Ndugu zangu Waanglikana na Wamoravian wataona mengi wanayoyafahamu, na Wakatoliki wenye jumuiya zao ndogo ndogo watasema haya wanayaishi kila wiki.

Anza na cheti

Kama bado hujahama, nenda kwa mzee wa kanisa wa mtaa wako umwambie unahama, kisha mwende ofisini pamoja kuomba cheti. Ni barua fupi yenye mhuri wa usharika na saini ya mchungaji: huyu ni msharika wetu, amebatizwa, amepata kipaimara, anashiriki Chakula cha Bwana, mpokeeni. Bila shaka umewahi kusikia katika matangazo, "Wageni waliotufikia na cheti ni hawa wafuatao." Jumapili nyingi hutangazwa kwamba hakuna. Huwa inaniuma, kwa sababu najua ndani ya ibada ileile wamo watu waliohama kimya kimya, na huko walikotoka majina yao bado yamo daftarini, na mzee wao bado anawauliza kwa majirani.

KKKT ilizaliwa tarehe 19 Juni 1963, makanisa saba yalipoungana kuwa kanisa moja. Kwa hiyo cheti kilichoandikwa Marangu kinapokelewa Bukoba, Iringa na Dar es Salaam. Unachukua safari yako ya imani ilivyo na kuendelea nayo, huanzi upya.

Umeshahama bila cheti? Piga simu. Mzee wa mtaa wako wa zamani atafuatilia, na siku hizi barua inapigwa picha na kutumwa kwa simu, halisi ikaja baadaye na mtu anayesafiri. Na kama vyeti vya ubatizo au kipaimara vimepotea, usikate tamaa: usharika uliokubatiza unatunza kitabu cha ubatizo. Atakayekutafutia atahitaji jina lako kamili la wakati ule (wengine tumebadilisha majina tukiwa shuleni), majina ya wazazi, na mwaka, hata wa kukisia. Ukikumbuka majina ya wasimamizi wako wa ubatizo, kazi inakuwa nyepesi zaidi. Mama mmoja wa jumuiya yetu alipoteza kila kitu maji yalipoingia ndani masika moja. Shangazi yake kijijini aliketi na mwinjilisti, wakafunua kitabu, wakamkuta kabla chai haijapoa.

Mtoto aliye katikati ya mafundisho ya kipaimara usimhamishe mikono mitupu. Omba barua ya mwalimu wake inayoeleza amefika wapi, la sivyo anaweza kurudishwa mwanzo, na kijana wa miaka 14 akirudishwa mwanzo anaona aibu na kuacha.

Usharika wa miguu yako

Hapa ndipo nilipokosea mimi. Nilichagua kanisa kwa kwaya. Kwaya ni nzuri, sikatai, lakini kwaya haiji kukugongea mlango ukiugua malaria siku tatu. Anayekuja ni mtu anayekaa karibu. Kwa hiyo tafuta usharika, au mtaa (tawi la usharika), unaoweza kuufikia kwa miguu, au kwa bajaji moja. Uliza genge unaponunua nyanya, uliza fundi cherehani. Mama wa genge ndiye aliyenielekeza mimi: "Mbona kanisa lenu liko hapo nyuma ya shule?" Miaka miwili nilikuwa napita mbele yake kwenda kituoni.

Nenda Jumapili nne mfululizo kabla hujaamua. Moja haitoshi, huenda ni siku ya harambee au mhubiri mgeni. Kama kuna ibada mbili, jaribu zote, kwa sababu ya saa 1:00 asubuhi na ile ya baadaye huwa na watu tofauti kabisa. Usishtuke ibada ikiwa tofauti na ya kwenu. Nilizoea pambio za Kichaga na bibi zetu wa kitenge waliokaa upande mmoja. Dar es Salaam nilikuta nyimbo zilezile zikiimbwa kwa mwendo wa haraka na ngoma nisizozijua, maana hapa wamekutana watu wa Kilimanjaro, Njombe, Singida na Kagera. Nilichukua muda kuzoea.

Mimi huangalia mambo machache. Je, wagonjwa wanatajwa katika matangazo, na kuna mpango wa kuwatembelea? Watoto wana mahali pao na mwalimu aliyejiandaa, au wamerundikwa tu nje? Baada ya ibada, watu wanasimama wakiongea, au uwanja unakuwa mtupu kwa dakika tano? Na mchungaji, mtu aliyevaa ndala anaweza kumfikia?

Simama

Wageni wakiombwa kusimama, simama. Najua moyo unavyodunda. Sema maneno machache: "Bwana Yesu asifiwe. Naitwa fulani, nimetoka usharika fulani, nimehamia hapa mtaa fulani, na ningependa kusali nanyi." Inatosha. Usiache kutaja mtaa unaokaa, kwa sababu mahali fulani katika mabenchi yale yupo jirani yako, na akisikia tu atakutafuta. Kama huna cheti, usijieleze sana mbele za watu. Hayo ni ya ofisini.

Kisha ubaki. Kwetu wageni huchukuliwa baada ya ibada hadi chumba cha vijana, wakapewa chai na andazi, na mzee wa zamu akaketi nao. Kwingine hakuna chai, ila mzee wa zamu yupo mlangoni. Mwamkie, kisha muulize maswali mawili: jumuiya ya mtaa wangu ni ipi, na mzee wake ni nani? Usiondoke bila namba ya simu ya mzee huyo. Mengine yote yatakuja kwa njia hiyo.

Jumuiya

Sasa nimefika ninapotaka kukaa.

Usharika wa mjini unaweza kuwa na maelfu ya watu. Mchungaji hata akiwa malaika hawezi kuwajua wote. Ndiyo maana usharika umegawanywa katika jumuiya, nyumba zilizo jirani, zinazokutana kila wiki kwa zamu nyumba kwa nyumba. Yetu ina kaya 23. Tunakutana Jumamosi saa 12:30 asubuhi, ili mwenye biashara awahi kufungua na mwenye kibarua awahi kazini. Nyingine hukutana jioni katikati ya wiki. Ratiba husomwa Jumapili: jumuiya fulani, wiki hii watakuwa nyumbani kwa mama fulani.

Mara ya kwanza nilikwenda na kanga mbili nikijificha nyuma ya mwenyeji aliyenichukua. Unavua viatu mlangoni. Kuna viti vya plastiki vilivyoazimwa kwa jirani, vichache vina nyufa, na mkeka kwa vijana. Tunaimba wimbo mmoja, tunasoma neno la wiki, anayeongoza anauliza maswali. Usiogope kukaa kimya wiki za mwanzo, hakuna atakayekutolea macho. Beba Biblia yako, kitabu cha nyimbo, na sadaka ndogo. Kisha yanakuja mahitaji ya maombi, na hapo ndipo nilipolia mara ya kwanza tangu nimzike baba. Mwongozaji aliuliza tu, "Na mgeni wetu, tukuombee nini?" Nikasema nimefiwa miezi minne iliyopita. Wakanyamaza. Bibi mmoja akasimama, akaja kukaa kando yangu, akanishika mkono hadi mwisho. Jumanne walikuja kwangu kunipa pole, watu tisa, wakiwa na sukari, mchele na daftari lenye majina ya waliochanga. Msiba wa miezi minne! Sikuwa na viti vya kuwatosha.

Ukiulizwa mahitaji, sema kweli. Huhitaji kufungua siri zote za nyumba, lakini "naomba kazi" au "mtoto hasikii vizuri" ni maneno yanayofungua njia. Katika jumuiya yetu mtu ameunganishwa na fundi, na daktari wa masikio, na mwenye nyumba asiyepandisha kodi ovyo, kwa sababu alisema.

Zamu yako ya kupokea ibada itafika. Watu wengi huanza kukwepa hapa, wanasafiri ghafla. Wanadhani wapike pilau. Jumuiya yetu iliamua miaka kadhaa iliyopita: chai na kitafunwa kimoja, basi. Viazi vitamu, mihogo, karanga, chochote ulicho nacho. Kama jumuiya yako haijaamua hivyo, mwombe mwenyekiti wako alilete jambo hili, kwa kuwa mashindano ya vitafunwa yanafukuza maskini. Binti mmoja anayeuza mitumba alipanga chumba kimoja, akasema hawezi kutupokea. Tukamwambia tunakuja. Tulitandika mikeka kwenye korido, wapangaji wenzake wawili wakatoka kusikiliza, na mmoja wao leo ni msharika.

Ukishapokea mara moja, umekwisha kuwa mwenyeji. Wiki inayofuata utajikuta wewe ndiye unamwelekeza mgeni pa kuacha viatu.

Ofisini

Hii ni fupi. Mzee wako wa jumuiya akikufahamu, mtakwenda ofisini na cheti chako, nakala za vyeti vya ubatizo, kipaimara na ndoa kama unayo, na picha ndogo. Utajaza fomu: majina ya wote wa nyumbani, simu, kazi, jumuiya. Mzee anatia saini, mchungaji anazungumza nawe, na Jumapili fulani unatambulishwa. Usharika hutofautiana, kwa hiyo uliza wa kwako wanataka nini. Kujiandikisha kwetu hakuna malipo.

Nilipokuwa kule mjini nilikwenda ofisini kuuliza habari za kumbatiza mtoto wa dada yangu niliyekuwa namlea. Swali la kwanza lilikuwa, "Jumuiya gani?" Sikuwa na jibu, nikatoka nimenuna. Leo ni mimi ninayeuliza swali hilo, na namweleza mtu kwa upole kwa nini: tunataka kujua nani atamsaidia mtoto huyu akue katika imani, yaani ni majirani gani.

Kuhusu bahasha

Utapewa bahasha zenye namba yako, na fomu ya ahadi ya mwaka. Watu wengi wakiona ahadi wanarudi nyuma, kwa hiyo nitasema wazi. Andika kile unachoweza. Kijana wetu mmoja anaendesha bodaboda ya mkataba, kila siku anapeleka hesabu kwa mwenye pikipiki. Ahadi yake ni shilingi 2,000 kwa mwezi na anaitimiza. Tunamheshimu sawa na mwenye duka la jumla. Kazi ikikatika, mwambie mzee wako mapema. Asiye na kitu anasema hana, na ni wajibu wetu kupitia diakonia, yaani huduma ya kanisa kwa wahitaji, kumwangalia yeye.

Kitu kimoja nakuomba: usiache kuja kwa sababu ya deni la bahasha. Nimewafuata nyumbani watu watatu waliopotea hivyo. Wote walidhani tumekuja kudai. Tulikuwa tumekuja kuuliza wameamkaje.

Kama una jambo linalokuzuia

Katika mtaa wetu kulikuwa na baba aliyekuwa akikaa nje chini ya mwarobaini kila Jumapili, akisikiliza ibada kwa spika. Miaka minne. Nilidhani anapenda upepo. Siku nilipomletea kiti na kukaa naye, alinieleza kwamba yeye na mama watoto wake wana watoto watatu, mahari ilishatolewa, ila ndoa haijabarikiwa kanisani, na aliona haya kuingia ndani wakati wa Chakula cha Bwana akabaki kwenye benchi peke yake.

Wako wengi wa namna hii. Ndugu yangu, ingia. Benchi ni lako. Kisha nenda kwa mchungaji, mwambie ilivyo. Kwa kawaida mtapewa mafundisho, ndoa itatangazwa Jumapili tatu, na sheria ya ndoa ya mwaka 1971 inataka notisi ya siku 21, kwa hiyo mambo hayo mawili yanakwenda pamoja. Suti si sharti, wala ukumbi. Yule baba alibarikiwa ndoa yake akiwa na shati jeupe lililopigwa pasi vizuri, mkewe na gauni la kitenge, wasimamizi wakiwa mume na mke wa jumuiya yetu. Jumuiya ilipika wali na maharage uani. Watoto wao watatu walikaa benchi la mbele.

Ukitoka kanisa lingine, kama ulibatizwa kwa maji kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, hutabatizwa tena. Utapata mafundisho, kisha utapokelewa mbele ya usharika. Kama hujabatizwa, liko darasa la watu wazima, na nimeona babu wa miaka 70 akilimaliza. Na kama ulitengwa zamani huko kwenu, iko njia ya kurudi kundini. Usiibebe peke yako.

Kutumika, taratibu

Mwezi wa kwanza utaombwa ujiunge na kwaya, umoja wa wanawake, vijana, uinjilisti. Chagua kimoja. Nimeona wageni wenye moto wakiingia vikundi vinne, kufikia Pasaka hawaonekani popote. Mimi nilianza kwa kufuta vumbi mabenchi Jumamosi na mama mmoja mstaafu. Kwa kufuta vumbi nilijifunza nani anakaa wapi, nani ameacha kuja, nani hasikii vizuri hivyo akae karibu na spika. Hakuna semina iliyonifundisha zaidi ya ile.

Inawezekana pia utakutana na mtu mkavu, au jumuiya ambayo watu wake wamezoeana mno hata hawakuoni. Inatokea, na inaumiza. Zungumza na mzee, kisha mchungaji. Ukiona bado, omba kuhamishiwa jumuiya ya jirani. Si dhambi. Ila usirudi kwenye benchi la mlangoni.

Ukihama tena

Utahama, maisha ndivyo yalivyo. Serikali ilipohamia Dodoma, jumuiya yetu ilipoteza familia mbili ndani ya mwaka mmoja. Ya kwanza iliondoka usiku na lori, tukajua kwa kukuta geti limefungwa. Ya pili walituambia mwezi mzima kabla. Tulikwenda ofisini pamoja, cheti kikaandikwa, mafundisho ya mtoto wao yakaandikiwa barua. Jumamosi ya mwisho tulisali kwao vyombo vikiwa vimeshafungwa, tukakaa juu ya maboksi, chai tukaileta sisi.

Wiki tatu baadaye simu yangu iliita, namba ngeni. "Bwana Yesu asifiwe, mama. Mimi ni mzee wa kanisa huku Dodoma. Nimepokea cheti chenu, na hawa watu wako wamekaa hapa mbele yangu wanakunywa chai. Nilitaka kukuuliza, yule mtoto wao wa mwisho, ni kweli anaimba sauti ya kwanza?"